Mbegu ya nzi mliyoniuzia inaruka, na ina utitiri

Habari zenu,

Nawaandikia kuhusu makopo ya mbegu ya nzi wa matunda niliyonunua kwenu, yaani nzi wa kufugwa wanaozaliana humohumo koponi, aina ya melanogaster wasioruka, chakula cha vyura wangu wadogo. Kwa kweli mmeniangusha sana.

Kopo la kwanza nimefungua tu, nzi haooo wakapaa mpaka kwenye taa. Na lebo yenu imeandikwa hawaruki! Chura mwenyewe hazidi ukubwa wa kucha, anasubiri nzi apite mbele yake ndo amdake, sasa huyu anayepaa atampata saa ngapi? Halafu hao wakipenya kwenye makopo yangu mengine wakapandana na wasioruka ndo basi tena, kizazi kinachofuata chote kinaruka, maana mtoto ili asiruke lazima airithi hiyo hali kwa baba na kwa mama pia.

La pili ndo limeniuma zaidi. Kwenye ukingo wa kifuniko kulikuwa na kama vumbi la kahawia, nikamulika tochi, vumbi linatembea. Utitiri! Nyie mnauza hizi mbegu, mnajua utitiri unagombea chakula na funza na unadandia nzi wazima unahamia kopo la jirani, kwa hiyo hamkuniharibia kopo moja, mmeniharibia shelfu nzima, imebidi nitupe mbegu nilizokuwa nazitunza vizuri tu. Na vyura waliotoka juzi kwenye uviluwiluwi hawavumilii njaa kama wakubwa, hao wanatakiwa wale kila siku.

Mhudumu wenu akanijibu eti niweke kopo sehemu yenye joto watazaliana. Hapana jamani. Joto likifika nyuzi 30 nzi madume wanakuwa tasa, kizazi cha kopo zima kinaishia hapo. Kwenye nyuzi 25 yai linakuwa nzi mzima kwa siku kama 10, na kopo likishafika mwezi limechoka, ndo utitiri unaposhamiri. Lile lenu chakula kilishakuwa cheusi, chini maji yametuama, ukutani maganda ya pupa matupu yamejaa, yaani lilishazaa likamaliza kabla hata halijatoka kwenu. Ningejuaje wakati hamjaandika popote lilianzishwa lini?

Naomba mnirudishie hela yangu yote, sitaki kopo lingine la kufidia kutoka shelfu hiyohiyo. Na kuanzia sasa kila kopo liandikwe tarehe lilipoanzishwa, kalamu tu inatosha, na yaliyozeeka myaondoe kabisa yasikae karibu na mapya. Wateja wengine waliochukua mbegu kipindi hichohicho waambieni leo, wayatenge makopo yao kabla utitiri haujasambaa.

Picha za kopo na lebo nimeambatanisha. Nasubiri majibu.

Mteja wenu