Kile kifungo ulichoniletea

Mwanangu, asalaam alaykum, natumai u mzima na bahari imetulia huko. Nakuandikia kuhusu kile kishaba ulichonipa, ulisema mgeni wako kakitoa kwenye ile meli ya vita ya Waingereza, Pegasus, iliyozama bandarini hapa Unguja, akakupa kama tipu. Nilikisugua kwa ndimu mpaka kikang'aa nikakiweka juu ya kabati la vyombo, alafu nikakigeuza nikaona nyuma kina kijitundu cha kupitisha uzi. Kifungo cha koti kile mwanangu. Usingizi ukanipaa.

Ile Pegasus ilipigwa na Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, imetia nanga inatengenezwa, haiwezi hata kukimbia, wakafa watu 38. Najua utanambia mama wale walishazikwa, makaburi yapo kisiwani Chapwani na wewe wageni unawapeleka, mle melini hamna mtu, hata chuma chenyewe kilishakatwa kikauzwa. Sawa, ila koti lina mwenyewe.

Wewe 2011 ulikuwa mdogo. Khalati wako alipanda meli ya Spice Islander usiku anarudi Pemba, sikukuu ya Idi imeisha, watu wamejaa na magunia na magodoro, na magodoro hayohayo ndo yaliyowaokoa wengine ilipozama kule mbele ya Nungwi. Wakaletwa wazamiaji kutoka Afrika Kusini, wakashindwa, kina kirefu na mkondo mkali. Miili iliyopatikana ni 203 na waliopotea wanazidi elfu moja. Baba yako alishinda uwanja wa Maisara walikolazwa maiti, anafunuliwa nyuso moja moja, khalati wako hakumuona, tukamsalia sala ya ghaibu tu basi. Ufunguo wa kabati lake kaondoka nao, na kabati lile unalijua, lipo chumbani kwa bibi yako mpaka leo halijavunjwa, hakuna mwenye moyo huo. Sasa nambie, siku wakipata njia ya kufika kule chini mtu akapanda na ufunguo ule, akampa kijana fulani kama tipu?

Sikatazi kushuka, usinielewe vibaya. Ulaya meli ya Estonia ilizama 1994 na watu 852, nchi tatu zikawekeana mkataba kuwa pale ni kaburi pasiguswe, lakini baadaye sheria ikalegezwa wachunguzi wakashuka tena, na wapo ndugu wa marehemu waliokuwa wanadai hivyo miaka yote maana walitaka kujua watu wao walikufaje. Hata mimi ningekubali mtu ashuke akaniangalizie. Anayeshuka kwa ajili yao na anayeshuka kuokota sio sawa hata kidogo, na miaka mia haiwafanyi wakawa sawa, mimi hiyo habari ya kwamba ni zamani siikubali kabisa.

Kwahiyo nakuomba, kabla hujawashusha wageni, wakiwa bado kwenye boti hawajavaa mitungi, waambie hapo walikufa watu 38, na anayetaka kuondoka na kitu abaki juu. Bosi wako akinuna nipigie tuongee.

Kifungo nimekifunga kwenye kitambaa cheupe, mdogo wako atakuja nacho boti ya Ijumaa. Kirudishe mwenyewe kwa mkono wako, usimpe mtu, na ukishapanda juu nitumie meseji.

Mama yako