Mkebe wa babu

Mikindani, Mtwara
14 Juni 2025

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi zikufikie huko Mbagala, wewe na mwanao. Sisi hatujambo. Goti la mama limetulia, bamvua hii kenda pwani kuokota chaza.

Nina jambo linaninyima usingizi. Mwezi uliopita tulibomoa stoo ya babu. Chini ya magunia ya korosho yaliyooza tukakuta mkebe mkubwa wa bati, kutu imeula upande mmoja, ndani unga mweupe umeshikana mabonge. Kwenye karatasi yake zilisomeka herufi tatu tu: DDT. Ni ile dawa babu aliyokuwa akinyunyizia kunguni kitandani, nasi tukilala papo hapo.

Mjomba akasema, "Subirini maji yatoke, mkamwage mikokoni. Yakijaa usiku, bahari itachukua." Somoe, nilisimama mlangoni nikakataa. Sijawahi kumbishia mjomba mbele za watu, na iliniuma.

Lakini bahari haichukui kitu kile. DDT haiyeyuki majini, inang'ang'ania matope, na udongoni nusu yake yaweza kudumu hata miaka 15. Mikokoni ndiko kaa na uduvi wanakokula. Dagaa anakula uduvi, jodari anakula dagaa, papa anakula jodari, na sumu haiwatoki kwa kuwa inakimbilia kwenye mafuta. Anayekula mwenzake anabeba ya wote. Sasa fikiria ini la papa, lile tunalotolea sifa, yale mafuta ya kupaka majahazi! Na pomboo je? Sumu aliyoikusanya miaka yote humtoka kwa wingi kupitia maziwa, na mtoto wa kwanza ndiye anayepokea kubwa zaidi. Niliposoma hilo niliweka simu chini, nikakaa kimya.

Kuufukia ardhini nako nilikataa, kisima kiko karibu mno. Kule Vikuge, mkoa wa Pwani, viuatilifu vilivyoletwa kutoka Ugiriki mwaka 1986 vilikaa bandani mpaka vikachafua udongo, na sumu ikabaki humo miaka na miaka.

Basi nilivaa glavu na barakoa, nikautia mkebe kwenye pipa lenye mfuniko. Liko chini ya mwembe, tumelifunika turubai, na watoto tumewakataza kusogea. Ofisini nilikoripoti wananiambia nirudi wiki ijayo. Nimerudi mara tatu.

Wewe uko Dar. Nakuomba uende NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, au uwatafute watu wa mamlaka ya viuatilifu, uulize nani anaweza kuja kulichukua kabla ya mvua za Desemba. Picha ya mkebe nimeiweka humu.

Mjomba bado hasemi nami. Mama amekukaushia chaza, nitampa dereva wa basi la Jumatatu, uwahi kuwapokea.

Wako,
Fatu