Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wapenzi wa Santuri

Waheshimiwa wanachama,

Mambo ya kawaida mnayajua: tulifanya vikao kumi vya kusikiliza santuri, tukatengeneza gramafoni, tukamzika mwenzetu mmoja. Sitayarudia.

Jambo lililozua maneno ni uamuzi wangu wa kutenga vikao vinne kwa ajili ya miaka ya mwanzo ya mwimbaji Roger Whittaker, na kununua santuri zake sita kwa shilingi 31,500 kabla ya mkutano mkuu kuketi. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kununua santuri adimu inapopatikana, nami niliitumia ruhusa hiyo. Nimeambiwa kwamba huyo ni Mwingereza wa nyimbo laini za kuwasinzisha wazee, na kwamba chama cha wapenzi wa rumba na benga hakina haja naye. Kwa heshima zote, waliosema hivyo hawakuhudhuria hata kikao kimoja kati ya hivyo vinne.

Wangehudhuria, wangesikia kwamba Whittaker alizaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1936, wazazi wake wakiwa wametoka Staffordshire. Akasoma Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Akatumikia jeshi katika Kenya Regiment. Akaenda Cape Town mwaka 1956 kusomea udaktari, akauacha baada ya mwaka mmoja na nusu, akawa mwalimu. Mwaka 1959 alikwenda Uingereza, akasomea sayansi ya viumbe katika chuo cha Bangor, Wales, huku akiimba vilabuni. Muziki ulimdaka kupitia santuri nyepesi ya plastiki yenye nyimbo zake, iliyosambazwa pamoja na gazeti la wanafunzi.

Santuri iliyolalamikiwa kuliko zote ni “Steel Men”, iliyotolewa na kampuni ya santuri ya Fontana mwaka 1962. Niliisogeza dirishani nikawaonyesha waliokuwepo, watu tisa, kwamba karatasi ya katikati imeandikwa “Rog Whittaker”. Jina Roger alilianza mwaka 1966, alipohamia kampuni ya Columbia. Kiangazi hichohicho cha 1962 aliimba Portrush, Ireland ya Kaskazini, kisha akapata nafasi katika televisheni ya Ulster. Mwaka 1967 alikuwa na kikosi cha Uingereza katika tamasha la Knokke, Ubelgiji, ambako mbinja yake iliwavutia watu. Wimbo wa kwanza kumwingiza katika ishirini bora za Uingereza, “Durham Town”, ulikuja mwaka 1969. Hiyo ni miaka saba ya kuhangaika. Nami nimekuwa mwenyekiti wenu miaka saba, sisemi zaidi.

Kuhusu ada, tuko wanachama 58. Waliolipa ni 23. Zilizotarajiwa ni shilingi 116,000 na zilizoingia ni 46,000. Wanaouliza kwa sauti kubwa fedha zimekwenda wapi wamo katika wale 35 ambao fedha zao hazijafika, na Mweka Hazina anayo orodha, ingawa nimemsihi asiisome hadharani mwaka huu.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatumaini kupata sindano mpya, ukumbi wenye mapazia, na pengine santuri za miaka ya sabini. Kwa sasa zile sita zimo kabatini kwangu, na mwanachama aliyelipa ada anakaribishwa kuzisikiliza Jumamosi yoyote alasiri, ila “Steel Men” nitaiweka kwenye gramafoni kwa mkono wangu mwenyewe.