Namba ya stoli haitoshi kuchagua toki konveta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linalowatia hasara wapenzi wa magari ya kasi yenye gia otomatiki, nalo ni mazoea ya kununua toki konveta ya stoli kubwa kwa kutazama tu namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Kwa wasioifahamu, toki konveta hukaa kati ya injini na giaboksi, mahali ambapo gari la gia za mkono huwa na klachi. Pampu inayozungushwa na injini husukuma oili kwenye tabini inayoendesha giaboksi, na stata iliyo katikati huielekeza upya oili inayorudi ili isipingane na pampu. Ndiyo sababu gari linapoondoka, msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, unaofika kwenye giaboksi unaweza kukaribia mara mbili ya ule wa injini. Stoli ni kiwango cha mizunguko ambacho injini hufikia na kukwama hapo, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho huku tabini ikizuiwa isizunguke.

Wengi husahau kwamba kiwango hicho hakitokani na konveta peke yake. Konveta ileile ikifungwa kwenye injini yenye msokoto mkubwa zaidi, stoli yake hupanda, takriban kwa kipeuo cha pili cha ongezeko la msokoto. Konveta inayokwama kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika ikisukumwa na msokoto wa Nm 300 itafika karibu 2,900 ikisukumwa na Nm 450. Kwa hiyo namba ya boksini isiyotaja injini iliyotumika kupimia haimwambii mnunuzi lolote la maana.

Sikatai kwamba stoli kubwa ina kazi yake. Injini iliyowekewa kamshafti kali (shafti inayofungua vali, iliyochongwa kwa ajili ya mizunguko ya juu) huwa dhaifu chini na huamka baadaye, tuseme kuanzia mizunguko 2,800, na ikibanwa na konveta ya kiwandani, ambayo mara nyingi hukwama karibu na 2,000, gari huondoka kivivu na hata hutaka kuzima likisimama gia ikiwa imeingia. Hapo stoli iliyo juu kidogo ya mahali nguvu inapoanzia huiruhusu injini kuruka lile bonde. Injini yenye tabo, feni inayoisukumia hewa zaidi, nayo hunufaika, kwa kuwa hupata mizunguko ya kulijaza tabo kabla gari halijasogea.

Lakini kuteleza kwa oili huzaa joto. Mimi mwenyewe niliwahi kushauriwa na muuzaji nifunge konveta ya 3,500 kwenye gari zito, lenye injini ambayo haikuguswa na difu ndefu, yaani ya uwiano unaoizungusha injini polepole safarini. Kwa kuwa safarini injini ilizunguka chini sana ya kiwango hicho, na konveta ile haikuwa na klachi ya kufunga, ile inayounganisha pampu na tabini zisiteleze, ilikuwa ikiteleza njia nzima; injini ilinguruma, gari likajikokota, na oili ya giaboksi ikageuka nyeusi, yenye harufu ya kuungua. Sikuwa nimeongeza rejeta ya oili, na kosa hilo ni langu.

Anayetaka kuchagua vizuri ampelekee mtengenezaji wa konveta grafu ya msokoto wa injini, uzito wa gari, uwiano wa difu, kimo cha matairi, na mizunguko ya injini katika mwendo wa kawaida wa safari, kisha aseme ukweli kuhusu matumizi yake: gari la mashindano ya mstari mnyoofu na gari la kila siku havihitaji konveta moja. Mtengenezaji asiyeuliza hata moja kati ya hayo anauza namba tu.

Kwa watengenezaji na wauzaji ombi langu ni dogo: kando ya stoli, waandike msokoto uliotumika kuipima.

Wako,
Msomaji na fundi wa giaboksi