KUH: RAM ya 6000 isiyofika 6000, na fedheha niliyofanyiwa kwenye kaunta yenu

Tudor, Mombasa
21 Oktoba 2025

Kwa Meneja,
Duka la Kompyuta,
Moi Avenue, Mombasa.

Baada ya salamu.

Stakabadhi yangu ya tarehe 22 Septemba mnayo, na masharti ya waranti mmeyapiga chapa wenyewe nyuma yake. Sitayarudia. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe mmenifanya niitafute kwa tochi.

Mliniuzia kompyuta yenye GB 64 za RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya aina ya DDR5 kwa kasi ya 6000. Stakabadhi yasema 6000, makasha yasema 6000 kwa volti 1.35. Nililipa shilingi 41,000 za RAM peke yake. Mashine ikafika nyumbani inakwenda 3600, na si fundi wenu aliyeniambia. Niliona mwenyewe wiki ya pili, nilipoingia BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, kutafuta kwa nini kazi inakokota. Nilipopiga simu nikaambiwa, "Washa EXPO tu, mama, itapanda." Nikawasha EXPO hiyo, mpangilio wa kuipandisha RAM mpaka kasi iliyoandikwa kwenye kasha. Skrini ikawa giza dakika kadhaa, kisha ikaamka, na 6000 nikaiona kwa macho yangu.

Usiku ule mashine iliganda mara tatu. Asubuhi video ya sherehe ya kupamba bi harusi niliyoitoa ilikuwa na miraba ya kijani usoni mwa watu, na sauti inakatika. Baada ya siku mbili faili la kazi nzima likakataa kufunguka. Hapo ndipo nilipojua hatari ya RAM isiyotulia: haivunjiki ukasikia mlio, inaharibu kimyakimya kile unachokihifadhi.

Mafundi wenu walinijibu kwamba ni joto la Mombasa. Basi nikapima. Niliweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikaiendesha usiku, AC imewashwa. Vipande vyote vinne vya RAM kwa 6000: makosa yalianza kabla raundi ya kwanza haijaisha. Vyote vinne kwa 3600: hakuna kosa. Nikatoa viwili, nikabakisha viwili vya kasha moja kwenye tundu la pili na la nne kuanzia kwenye prosesa: 6000, usiku kucha, hakuna kosa. Nikabadilisha nikaweka viwili vya kasha la pili: vivyo hivyo. AC ni ileile, chumba ni kilekile. Joto liko wapi hapo?

Tatizo ni mlivyonifungia. Nililipia GB 64, mkachukua makasha mawili ya GB 32, kila kasha vipande viwili, mkavichomeka vyote vinne. Mtengenezaji hupima pamoja vile vilivyomo ndani ya kasha moja. Kasha hili na lile hajawahi kuyakutanisha. Na kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa. Hiyo prosesa ya Ryzen 7000 mliyoniwekea, AMD wenyewe, kampuni yake, wameandika: vipande viwili kasi 5200, vipande vinne 3600. Zaidi ya hapo ni kuilazimisha. Vipande viwili hukubali kulazimishwa mpaka 6000, vinne mara nyingi hugoma. Duka linalounda kompyuta kila siku lajua haya, au lafaa lijue. Ilikuwa mniwekee kasha moja la vipande viwili vya GB 32, basi.

Nilikuja Jumamosi tarehe 11 na picha za vipimo hivyo vyote. Fundi wenu hakuzitazama. Aliwasha mashine yangu hapo kaunta, mbele ya wateja, akafungua video ya mteja wangu bila ruhusa yangu, kisha akasema kwa sauti kwamba mashine ni nzima, ila mimi ndiye nisiyeijua. Watu wakacheka.

Ninachodai ni hiki: mchukue vipande hivi vinne, mnipe kasha moja la 2 x 32 la kasi ya 6000, mlipime mbele yangu kwa 6000 mpaka limalize raundi nne bila kosa hata moja, na mnilipe siku nane nilizopoteza.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini nikiisoma barua hii naona ile Jumamosi nimeipitia haraka, kama kwamba ni jambo dogo.

Kazi yangu ni kupiga video za sherehe za wanawake. Kupamba, hina, kesha. Wanawake wa Kibokoni na Old Town huniita mimi kwa sababu mimi ni mwanamke, na kwa sababu picha zao haziangaliwi na mwanamume yeyote. Ndiyo maana mwanzo mliponiambia niache mashine na diski zake wiki mbili nilikataa, nikaambiwa mimi ni msumbufu. Jumamosi nimesimama upande huu wa kaunta, skrini yenu kubwa imewaelekea wateja. Fundi akaingia kwenye folda. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo usifungue." Nikarudia, "Tafadhali, usifungue hiyo." Akasema, "Mama, mimi nataka kuona kama yafanya kazi," akabonyeza. Bi harusi wa watu akatokea, kichwa wazi, mikono ya hina mpaka begani, shangazi zake wamevaa deraa wanacheza nyuma yake, vigelegele vimejaa duka zima. Wanaume sita niliwahesabu. Mmoja alisogea ili aone vizuri. Mimi nilizunguka kaunta nikachomoa waya ukutani kwa mkono wangu. Na hapo ndipo fundi akasema lile neno lake, "Si mwaona wenyewe, yacheza vizuri, mama ndiye haijui mashine yake." Msimamizi wenu alikuwa hatua tatu kutoka hapo, akainamia simu yake.

Mamake bi harusi nimemwambia. Sikuweza kumficha. Hajanijibu mpaka leo.

Kwa hiyo lile la kubadilishiwa RAM nimelifuta. Nataka pesa zangu zote za kompyuta nzima, si za RAM peke yake. Nataka fundi huyo na msimamizi wake waniombe radhi kwa maandishi, na barua ya pili iende kwa familia ya bi harusi. Kamera iliyo juu ya kaunta yenu ilirekodi skrini ile. Rekodi hiyo isifutwe na isionyeshwe kwa mtu yeyote, maana itahitajika.

Mna mpaka Jumanne tarehe 28, saa sita mchana. Ikipita, nafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa. Inasikiliza madai mpaka shilingi 1,000,000 na silazimiki kuweka wakili. Kifungu cha 46 cha Katiba chanipa haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na vipimo vyangu nimevichapisha kwenye karatasi. Malalamiko ya picha zile nitayapeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya 2019, na familia ya bi harusi ikitaka kwenda nami, nitakwenda nayo.

Simu sitapiga tena. Majibu yaje kwa barua.

Mteja wenu wa stakabadhi ya 22 Septemba,
Tudor.