Mheshimiwa Waziri, vyuo vya umma vinunue kwa wanafunzi wao

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Mimi ni fundi sanifu katika karakana ya uhandisi ya chuo kikuu kimoja cha umma. Natunza mashine, nagawa vifaa, na kuwasimamia vijana wa mwaka wa mwisho wanapotengeneza miradi yao.

Siandiki kuomba fedha. Mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, ulioanza 2021, umekuja na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na majengo tunayaona yakipanda. Mashindano nayo yapo. Tangu 2019, MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, imewatoa wabunifu ambao wasingejulikana hata mtaani kwao. Ninachowaombea vijana hawa ni mteja.

Kijana akishawasilisha mradi mbele ya jopo na kupewa alama, mambo yameishia hapo. Anarudisha kitambulisho, karakana haimhusu tena, na mashine yake inabandikwa namba na kuingia stoo. Ikibahatika itafutwa vumbi, ipelekwe Sabasaba, mgeni rasmi aisifie, kisha irudi stoo. Nina mashine ya kupukuchua mahindi iliyohudhuria maonyesho mengi kuliko mimi.

Miaka michache iliyopita vijana wawili waliunda kifaa cha kuzima pampu tangi la maji linapojaa. Shida yenyewe waliijua kwa kuwa walilala hosteli: usiku kucha maji yanamwagika, asubuhi bomba kavu. Tulikifunga kwenye tangi moja, kikafanya kazi. Baadaye chuo kikanunua vifaa vya aina hiyohiyo, vilivyotoka nje ya nchi, kwa mzabuni wa mjini. Nilipouliza, nikaambiwa wale vijana si wazabuni: hawana kampuni wala kikundi kilichosajiliwa, na kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, hawamo. Kwa taratibu zilivyo, jibu lilikuwa sahihi. Ndiyo maana nakuandikia wewe, sikumwandikia ofisa ununuzi.

Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi itenge asilimia 30 ya manunuzi yake ya mwaka kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Chuo kikuu cha umma nacho kinabanwa na sheria hiyo, na vijana kinao maelfu ndani ya uzio wake. Anayekosekana ni wa kuwashika mkono wasajili kikundi, waingie NeST, wakadirie bei na kujaza zabuni. Somo la ujasiriamali wanalisoma, tena kwa bidii. Wanaandika mpango biashara wa kufuga kuku ambao hawatawafuga kamwe, wanapata alama nzuri, wanausahau. Kwa nini jaribio la somo hilo lisiwe zabuni ya kweli, hata ya laki tano?

Naomba utoe waraka. Wanafunzi wanapochagua miradi, kila chuo kiwe kimeshawatangazia shida zake, kuanzia pampu na taa hadi taka za kantini na foleni za usajili, pamoja na kiasi kilichotengwa kununua suluhisho litakalofanya kazi. Aliyehitimu aruhusiwe kutumia karakana mwaka mmoja zaidi, maana bidhaa ya kwanza haikamiliki ndani ya mihula miwili. Suala la umiliki limalizwe kwa maandishi kabla hata waya haujaunganishwa, na ofisi ya chuo imsaidie kijana kuomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake, kwa wakala wa usajili BRELA pale inapostahili. Nimewaona wanaoondoka na michoro yao kimyakimya wakihofia chuo kitaidai, na hapo hakuna aliyefaidika, si wao wala chuo.

Najua utaambiwa kwamba vifaa vya wanafunzi vitaharibika. Baadhi vitaharibika kweli. Vya mzabuni navyo tumeviona vikiharibika, na fundi wake tukamsubiri wiki nzima. Mwanafunzi anaishi hosteli hiyohiyo. Maji yakikatika atakuja na bisibisi usiku huohuo, kwa sababu naye anataka kuoga.

Waraka huo ukifika vyuoni kabla ya Oktoba, mwaka wa masomo unaokuja unatosha kuanzia, hata kwa kifaa kimoja kila chuo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu, karakana ya uhandisi