Kemper si uwanja wa mpira peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vyuo vidogo vya Marekani vinavyolea wachezaji wa mpira wa Kimarekani imenifikia huku Meridian, Mississippi, baada ya kuzunguka kwenye simu za watu wengi. Imeandikwa vizuri. Sehemu inayohusu chuo cha East Mississippi, kilichopo Scooba, niliisoma mara mbili, kwa sababu Scooba ni jirani yetu: ukishika barabara ya 45 kuelekea kaskazini unafika kabla saa haijaisha, na mimi huipita na lori karibu kila safari. Nilichoshindwa kukimeza ni ile kauli ya mwandishi wenu kwamba Kaunti ya Kemper, ukiondoa mpira, ni misitu ya misonobari tu na hakuna la kusimulia.

Najua wazo hilo limetoka wapi. Netflix, wale wa filamu za mtandaoni, walipiga kambi pale kuirekodi timu, vipindi vyao vikatoka 2016 na 2017, na tangu hapo anayeitaja Scooba anataja kocha anayefoka na vijana wanaokimbizana na alama za darasani. Kamera zilipohamia jimbo la Kansas, Kemper ikabaki na jina ambalo haikujipa.

Mpira nauheshimu, nisieleweke vibaya. Chini ya kocha Buddy Stephens, aliyeanza kazi 2008, chuo hiki kilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vya miaka miwili mwaka 2011, 2013, 2014, 2017 na 2018. Ni mafanikio makubwa mno kwa mji ambao ukipiga chafya ukiwa kwenye usukani umeshaupita. Waliopitia hapo wanajulikana. LeGarrette Blount alitoka Florida, akacheza Scooba misimu miwili, akaenda Oregon, na baadaye akavaa pete tatu za ubingwa wa NFL, ligi kuu ya kulipwa. Za'Darius Smith alitoka Alabama, akapita Scooba kisha Kentucky, akawa miongoni mwa walinzi wanaoogopwa katika ligi. Chad Kelly alitoka Buffalo, New York, baada ya kufukuzwa katika timu ya chuo kikuu cha Clemson. Akaipa Scooba ubingwa wa 2014, halafu akahamia Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi. Bo Wallace, aliyeuleta ule wa 2011, ni mtu wa Tennessee.

Umeona wanakotoka, Mhariri? Florida, Alabama, New York, Tennessee. Katika hao hakuna hata mmoja aliyezaliwa Kemper. Chuo cha namna hii ni kituo cha mpito: kijana aliyefeli masomo ya sekondari, au aliyekorofishana na chuo kikubwa, huja kukaa msimu mmoja au miwili, akisafisha alama na jina lake, kisha huondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema kwetu. Kemper wageni huja kila Agosti, na mwenyeji hubaki akifagia jukwaa.

Chuo chenyewe hakikujengwa kwa ajili ya hao. Kilitokana na shule ya sekondari ya kilimo ya kaunti, moja ya zile ambazo Mississippi ilianzisha mwanzoni mwa karne iliyopita ili watoto wa wakulima wa vijijini, wale weupe wakati huo, wapate elimu na ufundi bila kwenda mbali. Mwaka 1927 ikaongezewa masomo ya chuo. Kwa hiyo mpira ulikuja kukaa juu ya shamba, na ubaguzi ulikuwa ndani ya msingi tangu tofali la kwanza. Hata hili makala yenu haikuligusa.

Nije sasa kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Kaunti yenyewe iliundwa 1833, miaka mitatu baada ya Wachoctaw, wenyeji wa asili wa huku, kutia saini mkataba wa Dancing Rabbit Creek uliowatoa katika ardhi yao. Mkataba ule ulisainiwa kaunti ya jirani, Noxubee. Wengi walisukumwa kwenda magharibi, wachache walikataa kuondoka, na vizazi vyao wapo hadi leo pale Bogue Chitto, upande wa magharibi wa Kemper. Kisha ikaja pamba, na utumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jumapili moja ya Aprili 1877 kundi la watu weupe lilivamia jela ya De Kalb, makao makuu ya kaunti, alimokuwa amewekwa W. W. Chisholm, mwanasiasa wa chama cha Republican kilichokuwa kikiungwa mkono na Weusi waliotoka utumwani. Familia yake ilikuwa imeingia naye ndani. Mwanawe wa kiume aliuawa palepale. Chisholm mwenyewe na binti yake Cornelia walikufa baadaye kwa majeraha. Kwa ghasia za namna hiyo kaunti hii ikaitwa Kemper ya Damu, na jina likaganda.

Ila hayo yote ningeweza kumsamehe mwandishi wenu. Nisilomsamehe ni 1934.

Mwishoni mwa Machi mwaka huo mkulima mmoja mweupe, Raymond Stewart, aliuawa nyumbani kwake Kemper. Walikamatwa wanaume watatu Weusi, wakulima wa mashamba ya watu: Arthur Ellington, Ed Brown na Henry Shields. Ellington alifungwa kamba akaning'inizwa kwenye mti, akashushwa, akaning'inizwa tena, kisha akachapwa mijeledi. Alikana. Siku moja au mbili baadaye akakamatwa upya, akachapwa hadi akakubali kusema alichoambiwa aseme. Brown na Shields waliletwa katika jela ya Meridian, mji huu huu ninamoandikia, wakavuliwa nguo, wakalazwa juu ya viti, na migongo yao ikachanwa kwa mkanda wenye vifungo vya chuma. Waliambiwa kipigo kitaendelea mpaka maelezo yao yalingane na yanayotakiwa, neno kwa neno.

Kesi ilisikilizwa De Kalb tarehe 5 na 6 Aprili. Wiki moja tu baada ya mauaji, watatu hao walikuwa wameshahukumiwa kunyongwa. Ushahidi ulikuwa maungamo yao, basi. Alama ya kamba ilionekana wazi shingoni mwa Ellington pale kizimbani. Naibu wa sherifu aliyeongoza kipigo alipoulizwa chini ya kiapo hakuficha kitu. Alijibu kwamba kwa mtu Mweusi kipigo kile hakikuzidi, na kwamba kama ingekuwa juu yake angepiga zaidi. Baraza la wazee wa mahakama likasikia hayo, likawatia hatiani.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana wa hapo hapo Kemper, John C. Stennis. Mkumbuke jina hilo, nitalirudia.

Wakili aliyepewa kuwatetea, John Clark wa De Kalb, angeweza kunawa mikono kama wengi walivyofanya zama zile. Alikata rufaa. Mahakama ya juu ya jimbo ikaikataa. Earl Brewer, aliyewahi kuwa gavana wa Mississippi, akaichukua kesi hadi Washington, na Februari 1936 Mahakama ya Juu ya Marekani, bila jaji hata mmoja kupinga, ikafuta hukumu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kufuta hukumu ya jimbo kwa sababu maungamo yalipatikana kwa mateso. Kesi inaitwa Brown dhidi ya Mississippi, na wanafunzi wa sheria wa nchi nzima huisoma. Miaka 30 baadaye, katika kesi ya Miranda, ile iliyowafanya polisi wa Marekani wamsomee mtuhumiwa haki zake, majaji waliitaja.

Wenyewe hawakutoka huru, msidhani. Kwa kuogopa kushtakiwa upya mbele ya wazee wa baraza wa Kemper, waliamua kutolipinga shtaka dogo zaidi na wakatumikia vifungo. Kirefu kuliko vyote kilikuwa cha miaka saba na nusu.

Sasa mfikirie mchezaji wa Scooba, yule kijana mliyemsifu kwenye makala. Wengi wao wamefika pale baada ya kukwaruzana na uongozi wa vyuo, na wengine na polisi. Kijana huyo akikamatwa kesho mahali popote Marekani, kinachomzuia askari kumpiga mpaka aseme, halafu maneno hayo yakatumika kumfunga, ni kesi iliyozaliwa katika mahakama ya De Kalb, ndani ya kaunti ile ile anayochezea. Anakaa pale miaka miwili, analala, anasoma, anafanya mazoezi, na anaweza kuondoka bila mtu kumwambia. Kitu kikubwa kuliko vyote ambacho Kemper imeipa Marekani hakikuvaa helmeti. Ni migongo ya wakulima watatu.

Na Stennis? Aliyoyafanya katika kesi ile hayakumzuia kwenda popote. Alikuwa jaji kwa miaka kumi, kisha seneta kuanzia 1947 hadi 1989. Mwaka 1956 alitia saini tamko la wanasiasa wa Kusini kupinga kuchanganya watoto Weusi na weupe mashuleni, na 1964 alipiga kura kupinga Sheria ya Haki za Kiraia. Ingawa, kwa haki yake, 1982 aliunga mkono kurefushwa kwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Kuna manowari ya kubeba ndege yenye jina lake na kituo cha NASA cha kufanyia majaribio injini za roketi. Amezikwa kwao De Kalb. Brown, Shields na Ellington hawana manowari.

Mwandishi wenu aliuliza pia, kwa mshangao, kwa nini kaunti maskini ishangilie timu ya wageni. Swali zuri, ila jibu halimo uwanjani. Watu wa Kemper hawafiki 10,000 leo, wakati mwaka 1930 walizidi 20,000, na zaidi ya nusu yao ni Weusi. Mashamba yalipoacha kuhitaji mikono, mikono ikaenda Chicago, Detroit na Meridian. Kisha 2010 ukaanza ujenzi wa mtambo mkubwa wa umeme uliokusudiwa kugeuza makaa ya mawe ya pale chini kuwa gesi na kunasa hewa chafu. Gharama zilitoka kama dola bilioni 2.4 zikapita bilioni 7. Mwaka 2017 mpango wa makaa ukaachwa, mtambo ukabaki kutumia gesi asilia ya kawaida, na 2021 sehemu ya kugeuzia makaa ikalipuliwa kwa baruti. Kwa mahali palipoahidiwa hayo yakaporomoka, timu inayoshinda kweli, wiki baada ya wiki, mbele ya macho ya watu, si jambo dogo. Mimi sioni cha kushangaza hapo.

Nawaandikia haya pia kwa sababu wasomaji wenu wapo huku. Watoto wetu wanaokulia huku, wa Kikongo, wa Kikenya, wa Kitanzania, wanaanza kuuchukua mchezo huu, na mzazi anayesoma kwamba Scooba ni mahali pa kumpeleka mtoto akapate nafasi ya pili ana haki ya kujua ni wapi hasa anampeleka. Sisemi asimpeleke. Nasema makala yenye kurasa mbili za takwimu za mabao na sentensi moja ya kupuuza kaunti nzima haijamsaidia.

Ombi langu ni mtume mwandishi mara ya pili, na safari hii asitoke uwanjani moja kwa moja kwenda uwanja wa ndege. Vyuo vya miaka miwili vya Mississippi hucheza Alhamisi usiku, na sekondari hucheza Ijumaa. Alhamisi asubuhi aanzie De Kalb, aingie mahakamani, aulize ilipokuwa jela ya 1877, aende na makaburini kwa Stennis. Jioni ashike barabara ya 16 hadi Scooba aangalie mechi. Ijumaa arudi De Kalb kuwatazama vijana wa sekondari ya kaunti, wale waliozaliwa Kemper kweli, ambao Netflix haikuwafuata. Akikosa usafiri, anitafute kupitia kwenu. Wiki nisipokuwa barabarani nitampeleka mwenyewe.

Msomaji wenu, dereva wa lori,
Meridian, Mississippi